Kutoka Bamako hadi Ngamiani: Tulichojifunza kwa Seydou Keïta

Mhadhara wa kufunga maonyesho ya picha za wanafunzi, Tanga

Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Wazee wangu mlioketi mbele, shikamooni. Walimu wenzangu, wazazi, wanafunzi, na ninyi majirani zetu wa Ngamiani mliokuja leo kujitazama ukutani, karibuni sana.

Nimeombwa niseme machache kabla hatujaanza kuteremsha picha hizi. Mimi ndiye mwalimu wa darasa lililozipiga. Kwa miezi mitano vijana 14 wa mwaka wa pili walikuwa wakienda Ngamiani kila Jumamosi asubuhi, wakitundika kitambaa kwenye ukuta wa uwanja mmoja si mbali na soko la Mgandini, wakiweka kiti, wakapiga picha za watu. Kazi yote hiyo ilianza kwa jina la mtu mmoja wa Mali, Seydou Keïta. Wengi hapa hawajawahi kulisikia jina hilo, kwa hiyo naomba nianze naye.

Keïta alizaliwa Bamako karibu na mwaka 1921. Hakusomea upigaji picha popote. Nyumbani kwao alifunzwa useremala, na kutengeneza samani ndiyo kazi iliyomlisha ujanani. Mwaka 1935 ami yake alirudi kutoka Senegal na kamera ndogo ya Kodak Brownie, akampa Keïta. Basi ikawa hiyo ndiyo shule. Mwaka 1948 akafungua studio kwenye kiwanja cha familia katika mtaa wa Bamako-Coura, jirani na stesheni ya reli. Nchi ilikuwa bado chini ya Wafaransa, ikiitwa Sudan ya Kifaransa. Uhuru ulikuja mwaka 1960.

Naomba mnivumilie niwaeleze jinsi alivyofanya kazi, kwa sababu humo ndimo yalimo mambo yote. Kamera yake ilikuwa kubwa, ya kusimama kwenye miguu mitatu, na negativu yake ilikuwa ya sentimita 13 kwa 18. Picha aliyopewa mteja ilikuwa na ukubwa uleule: karatasi inalazwa pamoja na negativu, inamulikwa, inasafishwa, basi. Mara nyingi alipigia uani, kwa mwanga wa jua. Filamu ilikuwa ghali, kwa hiyo kwa kawaida alipiga mara moja tu. Ukifumba macho, umefumba. Pazia la nyuma la kwanza lilikuwa tandiko la kitanda chake mwenyewe, lenye matamvua. Kila baada ya miaka michache alibadilisha kitambaa, na uzeeni, alipoulizwa picha hii ni ya mwaka gani, alikuwa akitazama pazia ndipo anakumbuka.

Ukutani mwa studio alibandika mifano. Mteja anaingia, anatazama, ananyoosha kidole: nataka nikae kama yule. Kulikuwa na saa za mkononi, kalamu za wino, redio, maua ya plastiki, suti za kizungu za kuazima, na pikipiki ya Vespa. Ukitaka, unapigwa nayo. Kisha Keïta mwenyewe anakuja, anakugeuza bega kidogo, anakunyanyua kidevu, anauweka mkono wako pale vidole vitakapoonekana.

Baadhi yenu mmeiona ile picha tuliyoibandika mlangoni, ya kijana mwenye koti jeupe na miwani mizito, ameshika ua moja dogo mbele ya kifua chake. Ni ya mwishoni mwa miaka ya 1950. Mtazameni tena mkitoka. Lile ua amelishika kwa uangalifu wa mtu aliyeshika kitu chake cha thamani. Mimi nimeifundisha picha hiyo kwa miaka mingi na kila mwaka naona kitu kipya katika vidole vile.

Sasa nije kwetu.

Nilipowaonyesha wanafunzi picha za Keïta kwa mara ya kwanza, darasa lilichangamka kuliko nilivyotarajia. Walichokiona kwanza ni vitambaa. Mwanamke amejilaza juu ya tandiko lenye maua, amevaa gauni lenye maua, na nyuma yake pazia lenye maua, na bado uso wake ndio unaoonekana kabla ya kitu kingine chochote. Kijana mmoja akasema, "Mwalimu, hizi ni kanga!" Darasa zima likaona njia. Tutafanya kama Keïta, ila kwa kanga zetu, picha nyeusi na nyeupe. Nikasema sawa. Nilifurahi mno, na pengine furaha hiyo ndiyo iliyonifanya nisiulize maswali niliyopaswa kuuliza.

Jumamosi nne za mwanzo walirudi na mamia ya picha. Kila mmoja alikuwa na kamera ya kidijitali au simu, hakuna cha kuhofia gharama ya filamu, kwa hiyo mtu mmoja alipigwa mara 30, mara 40. Kanga nzuri, mwanga mzuri wa saa mbili asubuhi. Nikasahihisha. Niliwapa alama nzuri sana. Kulikuwa na picha moja ya mama muuza samaki ambayo niliisifu mbele ya darasa, nikasema, hii Keïta mwenyewe angeipenda.

Jumamosi ya tano nikaenda nao. Tulipokuwa tukitundika kitambaa, akaja mama yuleyule, ndoo kichwani. Akaitua, akanisalimia kwa heshima, kisha akaniuliza, "Wewe ndiye mkubwa wao?" Nikasema ndiyo. "Picha yangu iko wapi?"

Sikuwa na jibu. Nikamwambia itakuwa kwenye maonyesho. Akauliza maonyesho ni ya nani. Nikasema ni ya chuo. Akanitazama, akasema, "Mwanangu, mimi nilisimama pale na ndoo yangu, samaki juani, nikajua napigwa picha. Kumbe nilikuwa nachukuliwa picha." Akaibeba ndoo yake, akaenda zake.

Nililala na maneno yale. Sisi kila siku tunasema kupiga picha na kuchukua picha kama vile ni jambo moja. Yeye alisikia tofauti, na alikuwa na haki.

Jumatatu niliwaambia wanafunzi wafunge kamera. Nikawauliza: mteja wa Keïta aliingia studio akiwa na nini? Fedha. Akatoka na nini? Picha yake. Ni nani aliyechagua nguo? Yeye. Nani alichagua kukaa na redio au bila redio? Yeye. Picha ilikwenda wapi? Kwenye fremu sebuleni, kwenye barua kwa ndugu aliye mbali, ndani ya sanduku. Keïta alikuwa fundi wa mteja, kama fundi cherehani alivyo. Fundi anajua kitambaa, anajua mkato, ana jicho kuliko wewe. Lakini gauni ni lako, na lisipokukaa vizuri hulipi. Ule utulivu tunaouona katika nyuso zile, ile hali ya mtu kukaa kwenye kiti kana kwamba dunia imesubiri akae, hautoki kwenye kitambaa cha nyuma. Unatoka kwenye kujua kwamba picha hii ni yangu, nimeiagiza mimi. Sisi tulikuwa tumechukua pazia la Keïta tukamwacha mteja nje.

Siku hiyo mwanafunzi mmoja, binti ambaye huwa hasemi sana, alirudi baada ya chakula cha mchana na bahasha. Ndani yake mlikuwa na picha ya bibi yake, mama wa mama yake, iliyopigwa hapa hapa Tanga enzi za mkonge. Ni picha ndogo, inaingia kiganjani. Kingo zake zimekatwa kama meno ya msumeno, namna zilivyokuwa zikikatwa zamani. Bibi amesimama, mkono mmoja juu ya meza ndogo ya mviringo yenye chombo cha maua, mkono mwingine umeshika mkoba. Nyuma kuna pazia lililochorwa ngazi na nguzo, ngazi ambazo hazielekei popote. Viatu vinang'aa. Ukiigeuza, kuna muhuri wa studio uliofifia hata jina halisomeki tena, na chini yake, kwa kalamu ya wino, mwandiko wa mtu aliyeandika polepole: "Ukumbusho wangu kwako. Usinisahau." Hakuna jina la aliyetumiwa. Familia haijui ni nani, wala kwa nini picha ilirudi au haikutumwa kabisa.

Tuliizungusha picha ile mkono kwa mkono. Hakuna aliyesema neno kuhusu mwanga wala mpangilio. Binti akaeleza kwamba mkoba ule haukuwa wa bibi, ulikuwa wa studio. Mama yake amewahi kuona picha nyingine ya jirani yao, mkoba ni uleule. Basi tukawa tumefika Bamako bila kutoka darasani.

Na hapa naomba nijibu swali ambalo mzee mmoja aliniuliza wiki iliyopita, hapa hapa ukumbini, nalo ni swali la haki. Aliuliza, kwa nini kwenda mpaka Mali, wakati pwani yetu ina wapiga picha wake? Unguja kulikuwa na Ranchhod Oza aliyefungua Capital Art Studio mwaka 1930, na mwanawe Rohit akaiendeleza. Lamu kulikuwa na Omar Said Bakor, fundi aliyejifunza mwenyewe, aliyekata na kuunganisha negativu akamweka mtu pale ambapo kamera peke yake isingeweza kumweka. Mzee wangu, ni kweli. Jibu langu ni kwamba tulikwenda Bamako kwa sababu picha za Keïta ndizo zilizochapishwa, zinapatikana, mwanafunzi anaweza kuziona kwa wingi. Za kwetu nyingi zimo kwenye masanduku chini ya vitanda. Ilibidi Keïta atuonyeshe ndipo binti akumbuke bahasha ya bibi yake. Sioni aibu kwa hilo. Ila sasa kwa kuwa tumekumbuka, tukiendelea kuziacha ziliwe na mchwa hapo ndipo pa kuona aibu.

Tulianza upya. Tulijiwekea masharti, na wanafunzi ndio waliyatunga, mimi niliandika tu ubaoni. Mtu haitwi, kiti kipo, kitambaa kipo, anayetaka anakuja. Mtoto hapigwi bila mzazi wake kuwepo na kukubali. Anayekuja anachagua avaeje, akae vipi, ashike nini. Anapigwa mara moja tu. Jumamosi inayofuata anapewa picha yake iliyosafishwa kwenye karatasi, sentimita 13 kwa 18, bure, kwa sababu ametufundisha. Kwenye maonyesho hatundikwi mtu asiyekubali kutundikwa, na anayekataa bado picha yake anapewa.

Sharti la kupiga mara moja ndilo lililoleta zogo. Mwalimu, kamera ni ya kidijitali, kuna ubaya gani kupiga 20 ukachagua moja? Nikawaambia jaribuni kwanza, mtanijibu wenyewe. Walijibiwa asubuhi ya kwanza. Ukijua una nafasi moja, huanzi kwa kubofya, unaanza kwa kuzungumza. Unamuuliza mama jina lake. Unaona kwamba kola imekunjika, unamwomba ruhusa umnyooshee. Unagundua kwamba hujui mikono yake umeiweka wapi.

Mikono! Katika zile picha za kwanza, nimezipitia tena zote, mikono imepotea. Imeingia mifukoni, iko nyuma ya mgongo, imekatwa na ukingo wa picha. Hakuna aliyeijali kwa sababu tulidhani picha ya mtu ni uso. Tazameni sasa ukuta wa kulia. Yule bibi mwenye pete mbili, vidole vimepangwa juu ya goti kama anahesabu. Yule kinyozi, mkono mmoja umemkumbatia mwanawe na mwingine umeshika taji la plastiki ambalo mtoto amelikataa kulivaa. Hayo yalitokana na dakika kumi za mazungumzo kabla ya bofyo moja.

Nataka nikae kidogo kwenye picha ya tatu kutoka dirishani, ya fundi baiskeli. Amenipa ruhusa niieleze. Mnajua Tanga yetu ni mji wa baiskeli, na mafundi wako kila kona. Mwanafunzi mmoja alikuwa amemlenga fundi huyu tangu mwanzo. Alitaka kumpiga pale anapofanyia kazi, amechuchumaa, spana mkononi, grisi mpaka kwenye viwiko, spoku na cheni zimemzunguka. Aliniambia, mwalimu, ile ndiyo hali halisi. Na kweli ingekuwa picha nzuri, sitaki kumdharau kijana kwa hilo. Kuna wapiga picha wakubwa walioishi kwa picha za namna hiyo.

Fundi akakataa. Akamwambia, "Hivi ndivyo wanavyoniona wote wanaopita. Picha ya nini?" Akafunga kibanda saa nne asubuhi, siku ya Jumamosi yenye wateja, akaenda nyumbani. Kijana akadhani amemuudhi. Baada ya saa nzima tukamwona anarudi. Kanzu nyeupe imepigwa pasi mpaka mstari wa mkono unaonekana, kofia ya vito, saa. Na baiskeli. Si ya mteja, yake mwenyewe, ile nyeusi ya zamani yenye breki za vyuma. Alikuwa ameiosha, ameipaka mafuta, kengele inang'aa kama sahani ya arusi. Akaiegemeza mbele ya kanga, akaweka mkono wa kushoto juu ya tandiko lake na wa kulia kwenye usukani, akamwambia kijana, "Haya. Sasa mimi ni mimi."

Kijana akapiga mara moja. Alikuwa anatetemeka, mtaona ukingo wa juu umeinama kidogo. Hatukuunyoosha.

Watu wa Bamako walisimama na Vespa ya Keïta vivyo hivyo, na wako wanaosema kwamba hizo zilikuwa picha za kujidai, kuazima pikipiki ya mtu ili uonekane umefika. Mimi naona hukumu hiyo ni kali bila sababu. Fundi wetu anaijua grisi yake kuliko anavyoijua kamera yoyote. Anapotaka kukumbukwa kwa kanzu, hasemi uongo juu ya maisha yake. Siku ya Idi ni siku ya maisha yake pia.

Tukaja kukwama kwenye kanga zenyewe, mahali ambapo Keïta hakuweza kutusaidia. Pazia lake lilikuwa na maua na mizunguko. Halikuwa na maneno. Kanga, kama kina mama wote hapa mjuavyo, ina pindo, ina mji, na ina jina. Vijana wangu walitazama pindo na mji wakasahau jina. Ukiitundika kanga nyuma ya mtu aliyeketi kitini, lile jina linaangukia usawa wa kifua, kwa hiyo herufi zinajitokeza huku na huku ya mabega yake. Siku moja walitundika kanga nyekundu, nzuri ajabu kwa rangi. Akaja mama mmoja amejipamba, amevaa na herini, akakaribia kiti, akasoma, akasimama. Jina lilikuwa "Hasidi hana sababu".

Akasema, "Hapo sikai." Binti aliyekuwa zamu akamwambia, mama, picha itakuwa nyeusi na nyeupe, maandishi hayatasomeka sana. Mama akacheka kwa upole. "Mwanangu, hii picha nitaitundika sebuleni. Mke mwenzangu akija ataisoma hata ikiwa gizani."

Binti akaona haya, nami niliyekuwa pembeni nikaona haya zaidi, maana nimekulia kwenye nyumba ya kanga na nilipaswa kujua. Kanga haipambi ukuta tu. Inasema, na aliyeketi mbele yake ndiye atakayeonekana amesema. Tangu siku hiyo tukaongeza sharti: kila mtu anachagua kanga yake katika zile tulizonazo, au anakuja nayo. Na hapo ndipo picha zikaanza kuzungumza kwa namna ambayo sikuitegemea. Mama yule alirudi wiki iliyofuata na doti yake, "Japo sipati tamaa sikati". Aliivaa moja akataka nyingine itundikwe nyuma. Tuliinua kanga mara tatu mpaka jina likatoka juu ya kichwa chake lote bila kukatika. Alikataa kutueleza tamaa ni ya nini. Iko pale, ukuta wa mwisho, na mumewe yuko hapa ukumbini, mtamuuliza yeye.

Kuna jambo moja la Keïta ambalo limenisumbua kwa miaka, na sitaki niondoke bila kulisema. Mwaka 1991 picha zake kadhaa zilitundikwa New York, kwenye maonyesho makubwa ya sanaa ya Afrika. Chini yake haikuandikwa Seydou Keïta. Iliandikwa kwamba mpiga picha hajulikani. Mtu alikuwa hai, yuko Bamako, mji mzima unamjua. Amefanya kazi ya studio miaka mingi, kisha akawa mpiga picha wa serikali tangu mwaka 1962. Nyuma ya picha zake alipiga muhuri wenye jina lake. Ilibidi mtu atoke Ufaransa, André Magnin, aende Bamako kumtafuta ndipo jina likarudi. Mwaka 1994 akafanyiwa maonyesho yake peke yake Paris, katika jumba la Fondation Cartier. Akafariki huko huko Paris mwaka 2001, akiwa ni mtu wa kutajwa dunia nzima.

Tunapenda kuisimulia habari hiyo kama habari njema, na ni njema. Lakini geuzeni upande wa pili. Jina la mpiga picha limerudi. Majina ya waliopigwa je? Yule kijana mwenye ua anaitwa nani? Picha nyingi za Keïta leo zinaandikwa "bila jina" na mwaka. Tena zinasafishwa kubwa, zaidi ya mita moja, nyeusi iliyokolea na nyeupe kali, kwa ajili ya kuta za majumba ya sanaa, wakati mwenyewe aliitoa ndogo, ya kushika mkononi. Keïta aliziona hizo kubwa akiwa hai na alifurahi kuona kazi yake imekua, simlaumu mtu. Nasema tu kwamba picha iliyoagizwa na mteja imeishia kutundikwa mahali ambapo mteja hajulikani.

Na sisi tulikuwa tunakwenda njia hiyo hiyo kwa miguu yetu. Nilipouliza majina ya watu wa Jumamosi nne za kwanza, katika picha zile zote, vijana walikuwa na majina sita. Tulirudi mtaani kuuliza. Tukatembea na simu mkononi, nyumba kwa nyumba, barabara kwa barabara: samahani, huyu mnamfahamu? Ilichukua Jumamosi mbili nzima na hatukupiga picha hata moja. Naamini zilikuwa Jumamosi mbili bora za mradi. Ndiyo maana leo chini ya kila picha kuna jina kama mwenyewe alivyotaka liandikwe. Wengine wametaka yote matatu, wengine "Mama" na jina la mtoto wa kwanza, mmoja ametaka liandikwe la utani analoitwa sokoni. Jina la mwanafunzi aliyepiga liko nyuma, kwa muhuri, na muhuri huo tumeuchongesha mjini.

Mama muuza samaki alikuja. Alikaa mwezi mzima bila kuja, nami kila Jumamosi nilikuwa nikitazama njia. Alipokuja hakuwa na ndoo. Alivaa baibui jipya, akaja na dada yake, na akataka mwanafunzi yuleyule wa mara ya kwanza ndiye ampige. Nilimwomba msamaha mbele ya darasa. Akasema, "Yameisha, baba. Niambie nikae wapi." Picha ile ya kwanza, niliyoisifu, tuliifuta kwa sababu aliomba ifutwe. Ilikuwa picha nzuri sana kwa macho. Naikumbuka vizuri na sijutii kuifuta.

Ninyi wanafunzi mnaokwenda mwaka wa tatu, mmeniuliza kama mwakani tufanye tena Keïta. Mimi ningependa mwende chini ya vitanda vya nyumbani kwenu. Waulizeni bibi na babu zenu, kwa adabu na kwa nafasi, msiondoke na picha yao hata moja, pigeni nakala palepale mbele yao na kuirudisha sandukuni. Andikeni nani ni nani wakati wapo watu wa kuwaambia. Geuzeni kila picha mtazame nyuma. Na yule binti mwenye picha ya bibi yake amekubali kuanza na ile, huenda akatokea mtu Tanga hii anayeujua ule mwandiko.

Sasa tutateremsha. Utaratibu ni huu: mwenye picha aje asimame mbele ya picha yake, mwanafunzi aliyempiga ndiye ataishusha kutoka kwenye kamba na kumkabidhi, bahasha ziko tayari. Waliokwisha kupewa nakala zao ndogo, hii ya maonyesho pia ni yenu, nendeni nayo. Wazee waanze, tafadhali, tusiwasimamishe.

Kuna bahasha tatu ambazo wenyewe hawakurudi. Moja ni ya kijana aliyesema anasafiri kwenda Pangani kwa kazi, amevaa fulana ya mistari, ameshika redio ya baba yake. Ya pili ni ya mabinti wawili mapacha na mama yao. Ya tatu ni ya mzee aliyekuja siku ya mvua, akapigwa amejifunika mwavuli, akaondoka kabla hatujaandika jina lake lote. Nimeziweka juu ya meza pale mlangoni, ziko wazi. Mkipita mzitazame, na mkimfahamu mmojawapo tuambieni anapokaa, tutampelekea.